Njia ya mtoni: shajara ya kazi yetu kutoka barabarani hadi kwenye maji (Lushoto)

8 Julai 2023 – tunapoanzia

Naandika hii ili mwenye kijiji kama chetu aone tulivyofanya, na hasa tulipokosea, asije akarudia. Ntaongeza kila hatua ikiisha.

Sisi tupo juu kidogo ya mji wa Lushoto mkoani Tanga, pembeni ya msitu wa Magamba, vitongoji viwili na kijito katikati. Upande huu kuna shule, zahanati na barabara wanapopakia viazi na karoti, upande ule kuna karibu nusu ya watu. Kuvuka ni kushuka ule mtaro mwekundu ambao zamani ilikuwa njia, mita 80 moja kwa moja, na kimo chake kutoka barabarani hadi majini ni mita 24. Kiangazi unashuka kwa kushika nyasi, masika unashuka umekaa. Asiyeweza anazunguka na barabara kilomita 7, bodaboda elfu tatu, na masika iliyopita kuna mama mjamzito alizungushwa hivyo usiku huku zahanati anaiona taa yake ng'ambo.

Chini pale mtoni pana sehemu tambarare kama nusu uwanja wa mpira, ina miti miwili mikubwa ya mkulo, ya zamani, iliyobaki baada ya ndugu zake wote kugeuka mbao, asubuhi mbega wanashuka hadi kwenye matawi ya chini. Sehemu nzuri kuliko zote kijijini na hakuna anayekaa.

Kwenye mkutano mkuu wa kijiji tukaomba vitu vitatu: njia, daraja, na hapo chini pawe pa kupumzikia. Njia na daraja vilipita fasta, pa kupumzikia ndo palileta ubishi, mzee mmoja akasema bustani ni mambo ya watu wa mjini, sisi msitu mzima uko mlangoni. Mi naona msitu ni kitu kingine. Msituni unaenda na shughuli, kuokota kuni kavu siku zilizoruhusiwa, kufuata dawa, na ukimaliza unatoka. Wanaume wana kijiwe chao pale barabarani, wanawake wanakutana bombani wakiwa wamesimama na ndoo. Mahali pa kukaa tu bila kuwa na kazi mkononi hatuna. Nililisema hilo mkutanoni, kinamama wakapiga makofi, ikapita.

22 Julai 2023 – fremu A

Tumepima. Kwanza tulienda na walinzi wa msitu kuonyeshwa mawe ya mpaka, maana ndani ya hifadhi hugusi hata kichaka bila kibali cha TFS, wakala wa serikali wa misitu. Njia yetu yote iko ardhi ya kijiji, jiwe la karibu liko mita 30 juu yake.

Wazee wa huku wanaijua fremu A tangu enzi za miradi ya kuzuia mmomonyoko, ndo waliyochorea makingamaji mashambani. Fito mbili za mita 2 na kitu unazifunga juu, chini miguu iachane mita 2 kamili, fito ya tatu katikati, kamba yenye jiwe inaning'inia kutoka juu. Ukitaka mstari wa usawa kamba ikae katikati. Sisi hatukutaka usawa, tulitaka kushuka sentimita 10 kila mita moja, ambao ndio mteremko mtu mwenye mzigo anaushuka bila kukimbizwa na mzigo wake. Kwa hiyo chini ya mguu wa upande wa bondeni tulifunga kigingi cha sentimita 20, ukiweka fremu na kamba ikakaa katikati basi umeshuka sawasawa, unachoma mambo (kijiti cha alama), unasogea.

Kosa la kwanza hapa hapa. Fremu tuliifunga kwa fito mbichi, wiki moja juani ikajipinda, tukapima mita 60 nzima kabla kijana mmoja hajashtuka kwamba mambo zinapanda badala ya kushuka. Tumerudia na fito kavu. Na kila asubuhi kabla ya kuanza fungua kigingi, isimamishe mahali kamba inakaa katikati, kisha igeuze, mguu wa kulia uende kushoto pale pale, kamba isiporudi alama ile ile ujue fremu imehama.

Kimo mita 24 kwa mteremko huo ni mita 240 za njia badala ya 80. Kumbuka hiyo namba, itatutesa mbele.

19 Agosti 2023 – kuchimba

Msaragambo wa Jumamosi tatu mfululizo, watu 30 mpaka 45 kila mara, njia upana mita 1.2 yote imeshatoka. Kuchimba hakuna maajabu, unakata ukingo wa juu, udongo unautupa bondeni, unasawazisha.

Tumekwepa sehemu moja. Kwenye mwamba wenye ukungu karibu na chini mtoto wa darasa la tano alikuta yale maua madogo ya zambarau yenye majani ya manyoya, akatuita. Haya ndo maua yanayouzwa Ulaya kwenye vyungu vya dirishani, Mjerumani mmoja baroni Walter von Saint Paul-Illaire aliyatuma kwao kutoka milima hii ya Usambara mwaka 1892, na jamaa zake wa asili wamebaki huku huku kwenye miamba yenye kivuli. Tumesogeza njia mita 4 juu. Ilituongezea nusu siku ya sururu na hakuna aliyenung'unika, tena yule mtoto sasa ndo msimamizi, kila anayepita anaonyeshwa.

Gharama hadi leo: toroli 95,000, sururu 3 kwa 45,000, machepe 4 kwa 48,000, kamba 6,000, chakula cha msaragambo (makande na chai) 84,000. Jumla 278,000.

16 Septemba 2023 – watu hawaifuati njia

Hii iliniuma. Njia ina kona mbili, tumeisawazisha vizuri, na ndani ya wiki mbili kukatokea vijia vya mkato kila kona, vinashuka moja kwa moja na kuanza kuchimbika kama mtaro wa zamani. Tukaweka miiba, ikatolewa. Tukaweka matawi, yakawa kuni.

Nikakaa pale asubuhi mbili kuanzia saa 12 nikihesabu tu nani anapita wapi. Wanafunzi na vijana wote wanakata, hakuna hata mmoja anayezunguka mita 240 kengele ikiwa imeshalia. Wenye mizigo, wazee, mama mwenye mtoto mgongoni na baiskeli wote wanafuata njia. Yaani hawa ni watu wa aina mbili na sisi tulichora njia ya aina moja. Tukaacha kupigana nao. Pale pale wanapokata tukaamua tujenge ngazi, ile njia ndefu ibaki kwa anayeihitaji.

Ngazi 96 za magogo ya mkaratusi, gogo 1,500, jumla 144,000. Kila ngazi kimo sentimita 25 na ukanyago kama sentimita 83. Wanafunzi wakafurahi.

Siku ya tatu bibi mmoja wa ng'ambo akapanda na mzigo wa kuni, akafika kama ngazi ya 20 akasimama. Akatuambia, "Wajukuu zangu, hizi mmemjengea nani? Mguu huu huu mmoja ndio unanyanyua kila mara, mwingine umekaa bure." Tukapanda nyuma yake tukahesabu, kweli kabisa. Ukanyago wa 83 unakula hatua mbili, kwa hiyo ngazi zote 96 unazipanda kwa goti lile lile, na sentimita 25 ukiwa na mzigo kichwani ni nyingi, unalazimika kuinama na ukiinama mzigo unaenda. Tukang'oa zote. Sasa hivi ziko 160, kimo 15, ukanyago 50, mguu wa kulia na wa kushoto wanapokezana. Magogo 64 ya kuongeza yametugharimu 96,000. Ukijenga ngazi kijijini, kabla hujapigilia hata gogo moja mpe mtu mwenye mzigo ajaribu tatu za kwanza.

Yule bibi ndo aliyetupa na wazo la pili, akasema shida yake kubwa ni kutua. Akitaka kupumzika hawezi kuuteremsha mzigo peke yake, na akiuteremsha nani atamtwisha tena, kwa hiyo anapanda mlima wote bila kupumzika. Tumejenga mabenchi mawili ya juu, moja katikati ya njia ndefu na moja juu ya ngazi, kimo cha kifuani. Unasogea, unageuza kichwa, mzigo unahamia kwenye benchi, unapumua, ukiwa tayari unaingia chini yake unaondoka nao. Mbao 40,000 kwa yote mawili. Katika vitu vyote humu, kama una hela ya kitu kimoja tu, jenga hili.

7 Oktoba 2023 – saruji karibu na maji

Tulianza pale chini mtoni, tukataka mabenchi ya zege yadumu. Mifuko miwili ya saruji 37,000, mchanga na kokoto 30,000, tukachimba misingi mita kama 20 kutoka kwenye maji, tukamwaga mmoja. Bwana wa mazingira wa kata akapita akatukalisha chini kwa upole. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto hairuhusiwi shughuli ya kudumu au inayoweza kuharibu mazingira ya mto. Sehemu yetu karibu yote iko ndani ya hizo 60.

Tumevunja. 67,000 imepotea na tumetumia viti vya magogo, havina msingi, vikioza vinaoza.

Lakini sheria hiyo hiyo ndo imetuokoa upande mwingine, maana kulikuwa na ndugu yetu analima kabeji hadi ukingoni na alikuwa hataki kusikia. Hatukumfukuza. Mwenyekiti wa kitongoji alikaa naye, wakakubaliana avune zilizoko shambani kisha aache ukanda wa mto, na tukamsaidia kubeba mavuno hadi barabarani kwa njia mpya. Aliona gunia limefika juu bila kudondoka, akawa mtu wetu.

Daraja la muda nalo limesimama: nguzo 4 za mkaratusi 80,000, mbao 14 kwa 84,000, misumari kilo 3 kwa 15,000, jumla 179,000. Nguzo tumezilaza kwenye udongo wa kingo. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilishasema vuli hii itakuwa juu ya wastani kwa sababu ya El Niño, tukasema tuwahi.

18 Novemba 2023 – mvua

Daraja limeondoka. Wiki ya pili ya Novemba ilinyesha usiku kucha, asubuhi nguzo mbili hazipo, ukingo wa ng'ambo umekatika karibu mita moja na nusu. Mkaratusi wenyewe haukuvunjika, ni udongo chini yake ulioliwa. Tumeokota nguzo 2 na mbao 9 kwenye mashamba ya chini.

Njia ndefu nayo imeumia na hapa kosa lilikuwa letu wenyewe, wakulima wa miaka yote. Tulipochimba mwezi wa nane, udongo tuliotupa bondeni tukaujenga tuta zuri kwenye ukingo wa nje, urefu wa shubiri mbili, tukiona litazuia mtu asiporomoke. Shambani tuta linazuia maji na ndo tunachotaka. Njiani maji yakizuiwa hayana pa kutokea, yakageuza njia nzima kuwa mfereji, yakashuka nayo mita 200 yakichimba katikati. Sehemu nyingine mfereji unanifika gotini. Nilisimama pale na mwavuli nikayaangalia yakipita, na njia ya zamani, ule mtaro mwekundu, nikaelewa ulivyozaliwa.

Sehemu iliyopona ni ile tuliyoisogeza mita 4 juu kukwepa maua, kwa sababu pale kuna mwamba na hatukuweka tuta. Maji yalivuka njia yakaendelea na safari yake bondeni.

13 Januari 2024 – kujenga upya

Tumevunja tuta lote. Njia sasa inalala kidogo kwenda nje, kwenye upana wa mita 1.2 ukingo wa bondeni uko chini sentimita 5, mguu hausikii lakini maji yanasikia. Kila baada ya mita 15 tumeweka bonde dogo, njia inashuka, inapanda kidogo kwa urefu wa mita 3, kisha inashuka tena, kwa hiyo maji yakifika hapo hayawezi kuendelea, yanatoka nje yanapokelewa na mawe na majani ya guatemala (yale ya kulishia ng'ombe). Mwanzo tuliweka mifereji midogo ya magogo iliyokatiza njia, baiskeli zikalalamika na yakajaa matope ndani ya siku 10, tukatoa.

Daraja la pili: kingo zote mbili tumepanga mawe makavu ndani ya vikapu vya waya (gabioni), hatukutumia saruji, na tuliongea kwanza na bwana wa mazingira kabla ya kununua hata msumari. Tumerudi nyuma mita 2 kila upande, sehemu ambayo mto haukufika Novemba, na daraja limepanda sentimita 70 juu ya alama ya mafuriko. Nguzo haziigusi ardhi, zimekaa juu ya mawe, hivyo zinakauka. Waya roli 2 kwa 130,000, nguzo 3 zilizotiwa dawa 105,000, mbao 5 za kuongezea zile 9 kwa 30,000, fundi siku 3 kwa 75,000. Jumla 340,000. Mawe watu wamebeba kutoka mtoni chini, watoto wa shule kila mmoja jiwe moja akirudi nyumbani, wiki mbili tukawa na lundo la kutosha. Kuna aliyetushauri tupake nguzo oili chafu ya gari, tumekataa, chini yake watu wanachota maji.

Shule zimefunguliwa wiki hii. Jumatatu nilikaa pale darajani saa 12 na nusu, ukungu bado, nikasikia sauti kabla sijaona watu, halafu wakatokea wamefuatana kwa mstari na soksi safi. Soksi safi kutoka ng'ambo, sikuwahi kuona mwezi wa mvua.

2 Machi 2024 – bembea na mbuzi

Bembea: tairi la gari bure, kamba ya 8,000 kwenye tawi la mkulo. Wiki ya tatu kamba ikakatika pale juu inaposugua, mtoto akaanguka akateguka mkono. Tulienda kwao kuomba radhi na tukasimamisha kila kitu. Tumeweka mnyororo mita 6 kwa 54,000, umepitishwa ndani ya kipande cha mpira wa maji cha 4,000 ili usikate gome la mti, na chini tumemwaga maranda ya mbao kimo cha shubiri, fundi seremala anatupa bure. Mtu mzima mmoja anakagua kila Ijumaa na anasaini kwenye daftari. Yule mtoto amepona, amerudi kubembea.

Miche: tulinunua 120 ya kienyeji, mche 500, jumla 60,000. Mbuzi wamekula 70 ndani ya siku nne kwa sababu tulipanda kwanza tukafikiria uzio baadaye. Iliyobaki 50 tumeigawa, kila mche una kaya yake, kaya imezungushia fito zenyewe. Haijafa hata mmoja tangu hapo.

8 Juni 2024 – baada ya masika

Njia imepita masika. Mabonde mawili ya katikati yamejaa udongo, tumeyachimbua kwa saa moja tukiwa watu sita. Daraja halijasogea. Ngazi tatu zimelegea, tumezikaza.

Hesabu yote: 1,270,000. Kaya 140 zilichanga 3,000 kila moja, 420,000. Grupu la WhatsApp la watu wetu walioko Dar 650,000. Wenye malori ya viazi 200,000. Makosa yametula kama 195,000, humo kuna saruji na mchanga wake, vile vya daraja la kwanza vilivyopotea, miche iliyoliwa na ile kamba. Nguvu za watu sijazipigia hela.

Kuna wanaouliza imetusaidia nini zaidi ya kuvuka. Nesi wa zahanati alikuwa anawaambia wazee wa presha na sukari watembee na wao wanamuuliza watembee wapi, barabarani kuna malori na vumbi. Sasa wapo 11, wanakutana Alhamisi saa 3, wanashuka njia ndefu, wanakaa mtoni, wanapanda taratibu wakipumzika kwenye benchi la mizigo wakiwa hawana mzigo. Wengine walikuwa hawajaonana mwaka mzima na nyumba zao zinatazamana. Kinamama Jumapili jioni wanashuka na ukili wao wanasuka mikeka. Kinyonga mwenye pembe mbili puani, ambaye sisi wote tulikua tunamkimbia na kumpiga mawe, watoto wamempa kichaka chake karibu na daraja, wanamwangalia kwa mbali.

Na yule mzee aliyesema bustani ni ya watu wa mjini nimemkuta juzi amekaa kwenye gogo chini ya mkulo, fimbo mapajani. Nikamwamkia, shikamoo babu, akaitika marahaba, akaniambia hilo gogo la pili linayumba, mje mliweke jiwe. Tumeweka jana.

Fremu A iko ofisi ya kijiji nyuma ya mlango. Wa kijiji cha juu wataiazima wiki ijayo, wana mtaro wao kama ule wetu, nimewaambia waje kwanza na fito kavu.